Daktari Alikaa Wapi?

Mwanangu Nyamizi,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu mwaka juzi. Ni sauti ya kigoda cha chuma kikiburutwa kwenye sakafu ya saruji, nyuma ya mlango uliofungwa, kule Dodoma. Kilikwaruza mara moja, mkwaruzo mrefu, kisha kimya. Wewe ulikuwa ndani. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, nimekumbatia sweta lako na chupa ya maji, nimekaa kama wanavyokaa watu mlangoni kwangu kila siku, na nilikuwa sijawahi kujua kwamba benchi lile ni gumu kiasi hicho.

Nakuandikia jioni hii mkiwa chumba cha pili, wewe na bibi yako, mnagombania sanduku. Nawasikia.

“Mke mwenzangu, hii asali inaingia.”

“Bibi, shuleni hawaruhusu vitu vya majimaji.”

“Asali si majimaji, asali ni dawa. Mama yako si daktari? Aandike karatasi.”

“Mama haandiki karatasi za uongo.”

“Basi mimi nilimsomesha wa nini?”

Kwa hiyo mambo ya sabuni, ndala, kufua soksi na kutokukopesha ndoo nimeyaacha kwake. Ameshayasema, na kesho atayarudia stesheni mbele za watu. Mimi nitakuandikia jambo moja tu ambalo naweza kudai kulijua, nalo ni la kazi yangu. Si lile unalolifahamu, la sindano na vidonge. Ni lile linalokuja ninapofika mwisho wa ninachokijua, nikawa sina budi kumkabidhi mgonjwa wangu kwa mtu mwingine. Watu wanadhani ni suala la kuandika jina la daktari bingwa kwenye karatasi na kugonga muhuri. Mimi limenichukua miaka kulijifunza, na bado najifunza. Kesho ni zamu yako kukabidhiwa, wewe na kifua chako, kwenye shule ya bweni kulekule Dodoma, mji wenye vumbi na upepo, ambako sitakusikia ukikohoa. Ndiyo maana nataka ujue nimechaguaje.

Nianze na Mzee Masanja. Unamkumbuka, yule mkulima wa tumbaku wa Usinge aliyekuwa akituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo wewe na bibi mnavitafuna na karanga mpaka mnakosa nafasi ya ugali. Alikuwa na kikohozi kisichoisha. Nilimpima hiki na kile, nikampa dawa hii na ile, hadi siku moja nikamwambia:

“Mzee wangu, nakupa rufaa. Utakwenda Dodoma kwa bingwa wa kifua.”

Alivua kofia akaiweka gotini. “Rufaa?”

“Ndiyo, baba.”

“Daktari, mwanangu, mie niliwahi kuwa na kesi ya shamba. Aliyekata rufaa ni yule aliyeshindwa. Sasa hapa nani kashindwa, mie au wewe?”

Nesi aliangua kicheko mpaka akaweka chini trei ya sindano. Nikaona nimjibu kweli. “Nimeshindwa mimi, baba.”

“Basi nenda wewe Dodoma,” akasema, “mie nirudi Usinge nikapalilie.”

Alikwenda, baada ya kubembelezwa na watoto wake. Lakini neno lake limebaki. Chuoni walitufundisha rufaa kama ngazi: zahanati, kituo, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, mgonjwa anapanda tu. Hakuna aliyetuambia kwamba anayempandisha hana budi kwanza kusema kimoyomoyo, nimeshindwa, na kulisema bila kununa. Mimi nilikuwa nanuna. Nilikuwa mwanafunzi wa kushika nafasi za juu tangu darasa la kwanza pale kwetu Itetemia, na mtu aliyezoea kushinda hupata shida sana kuagana na mgonjwa ambaye hajapona mikononi mwake.

Mwanzoni, nilipolazimika kuchagua, nilichagua jina. Kama bingwa alitufundisha chuoni, au picha yake imetundikwa ukutani kwenye korido ya hospitali kubwa, nilimwandikia huyo. Nilidhani jina kubwa linanilinda. Mgonjwa akienda akarudi vilevile, nani atanilaumu? Nilimpeleka kwa wakubwa.

Bi Nasim ndiye aliyenitoa usingizini, yule mama mwenye duka la vitambaa ambaye babu zake walikuja kutoka Bara Hindi na ambaye hukata kanga moja kwa moja, bila mkasi kupinda. Alikuwa na uvimbe shingoni. Nikamtuma kwa bingwa mwenye jina refu, katika mji ambao sitautaja. Aliporudi nikamuuliza:

“Alikuwaje yule daktari, Bi Nasim?”

“Mzuri.”

“Mzuri vipi?”

“Kisogo kizuri. Kimenyolewa vizuri, nyuma hapa, safi kabisa. Uso sikuuona, binti yangu. Uso ulikuwa kwenye kompyuta.”

“Alikwambia nini?”

“Aliiambia kompyuta. Mimi sikutaka kuingilia.”

Tulicheka, lakini alikuwa amesafiri usiku na mchana kwenda kuonana na kisogo, na aliyemtuma ni mimi. Tangu siku hiyo nikaanza kumuuliza kila anayerudi swali ambalo halimo katika kitabu chochote nilichosoma: Wewe ulikaa wapi, na yeye alikaa wapi?

Huwezi kuamini watu wanavyolijibu swali hilo. Ukimuuliza mtu kama daktari alikuwa mzuri, atakwambia mzuri, kwa adabu. Ukimuuliza alikaa wapi, anakuchorea chumba kizima. “Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.” “Alikuwa nyuma ya meza pana kama hakimu.” “Alikaa kwenye kitanda, pembeni yangu, akaniuliza mazao mwaka huu vipi.” Mama mmoja wa Bukene, mwenye kisukari na kidonda cha mguu kilichokuwa kinatoa harufu, aliniambia daktari wake alichuchumaa sakafuni na koti lake jeupe, akaunyanyua ule mguu akauweka juu ya goti lake. Kisha akasema, “Hata mume wangu alikuwa hajaugusa.” Nilihifadhi namba ya daktari yule siku hiyohiyo.

Huyo mama wa Bukene alinifundisha na jingine. Nilikuwa nimempangia aende Dar es Salaam, kwa bingwa niliyemwona ndiye hasa. Ndugu zake wakatoka nje ya chumba changu, wakateta kwa Kinyamwezi koridoni, nami nikiwasikia na kujifanya nasoma. Swali lao lilikuwa moja: huko tuna nani? Dar hawakuwa na mtu. Mwanza alikuwepo mdogo wake anayeishi karibu na hospitali, na treni inapita mlangoni kwao. Wakarudi wakasema Mwanza. Nilichukia. Niliona wanachagua ndugu badala ya bingwa. Lakini ni yule mdogo mtu aliyempelekea uji kila asubuhi, akakaa naye, akamkumbusha dawa, akamzuia kutoroka wodini alipokata tamaa. Sasa swali lao nimelifanya langu. Kabla sijaandika jina lolote, nauliza: huko tuna nani?

Usidhani basi kwamba nimepata kanuni. Kila nilipodhani nimeipata, alitokea mtu akaivunja. Yupo daktari wa mifupa, mkali kama pilipili kichaa, hakai na mtu, hasalimii, anamkaripia hata mgonjwa aliye na mguu vipande viwili. Nampelekea mifupa yote inayovunjika bila kupepesa. Namwambia mgonjwa mapema: “Atakufokea. Mwache afoke, mkono wake hauna mfano.” Na alikuwepo mwingine, mpole, wa kukaa karibu, wa kushika mkono, wagonjwa wakimsifu kama mtume. Nilimtumia watu kwa furaha mpaka nikagundua kwamba katika barua zake zote za majibu hakuna hata moja iliyosema sijui. Kila mtu alikuwa na jibu, na baadhi ya majibu yale hayakuwa kweli. Niliacha kumtumia watu, na nikajilaumu kwamba upole ulinilewesha. Kwa hiyo swali la pili ninalowauliza wanaorudi ni hili: kuna jambo lolote alilosema hajui?

Sasa nikupeleke kwa Daktari Ndahani.

Wewe unaujua utani wa Wanyamwezi na Wagogo kupitia bibi yako tu, anavyowachokoza akina mama wa Kigogo stesheni na kuwanyang’anya karanga zao bila aibu. Umesoma shuleni kwamba babu zetu walibeba mizigo kutoka Ujiji, wakapita hapa Tabora, wakavuka Ugogo kwenda pwani. Ugogo hapakupitika bure. Walidaiwa hongo ili wapite, wakadaiwa hata ya maji. Waligombana, wakapatana, wakazikana njiani, na katika kuzikana huko ukazaliwa utani. Mtani anaweza kukuambia lolote msibani kwako, na huna ruhusa ya kukasirika.

Daktari Ndahani nilimchagua kwa ajili ya Mzee Masanja bila kumjua. Siku chache baada ya mzee kufika, simu yangu ikaita.

“Wewe ndiye Mnyamwezi uliyeniletea mzee wa Usinge?”

“Ndiye mimi. Shikamoo, daktari.”

“Marahaba. Hivi nyinyi mmezoea mizigo mpaka hamjui kutua? Mzee huyu umembeba toka Ujiji?”

“Tungetua wapi, Mgogo, na nyinyi kila tukitua mnadai hongo?”

Akacheka, nami nikacheka. Akanieleza alichokiona kwenye mapafu ya mzee na anachokusudia kufanya, tukaagana. Nilikwenda nyumbani nimefurahi. Nilimwambia bibi yako nimepata mtani Dodoma, msomi lakini hajasahau kwao.

Miezi ikapita. Akaja mwalimu mmoja kijana, dada wa watu, anayebanwa kifua. Nikampa hiki, nikabadilisha, nikaongeza kile. Nilimpenda, alikuwa msomaji kama mimi, na kila alipokuja tulizungumza. Nilipomtuma Dodoma hatimaye, Ndahani akapiga simu. Safari hii hakuniita Mnyamwezi.

“Daktari,” akasema, “ile siku ya mzee sikuwa nakutania.”

Nikaweka kalamu chini.

“Nilikuwa nakwambia umechelewa. Nilipitishia kwenye utani kwa sababu hatujuani, na mtani ana ruhusa. Wewe ukacheka.”

“Nilidhani…”

“Najua ulichodhani. Utani una mfupa ndani, dada yangu. Ukila nyama ukautupa mfupa kwa mbwa, umeikosa supu.”

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Uso ulikuwa unaniwaka kama nimepigwa kofi, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Mwalimu alipona na anafundisha hadi leo. Mzee Masanja alirudi Usinge, anatembea polepole kuliko zamani, lakini anapalilia. Hakuna aliyekufa, Nyamizi, nakwambia mapema ili usisome huku umeshika roho. Ila wote wawili walibebwa mbali kuliko ilivyohitajika, na aliyewabeba alikuwa ananuna kutua.

Tangu hapo Ndahani ndiye wangu wa kwanza kwa vifua. Huenda wapo wanaomzidi elimu. Namchagua kwa sababu ananiambia kweli, na ananiambia kwa njia ambayo ninaweza kuisikia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na watu wenye yote mawili ni wachache.

Baada ya kujifunza hivyo, ungetegemea ningefanya nini na wewe?

Unajua ulizaliwa nikiwa mwaka wa pili chuoni. Baba yako na mimi tulikuwa watoto wawili wenye vitabu vingi, na tuliachana kwa amani unayoiona. Bibi yako alikuja Dar kwa treni, akakufunga mgongoni, akarudi na wewe Itetemia, akaniambia nisome. Nilisoma. Nilikuja likizo nikakuta umeota meno, likizo nyingine nikakuta unatembea na unamwita bibi mama. Na katika likizo hiyo ndipo ulipobanwa kifua kwa mara ya kwanza nikiwepo. Kifua kilipiga filimbi, mbavu zikaingia ndani, na bibi yako akasimama na chupa ya asali hajui la kufanya. Mimi nilijua. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na jambo lako ambalo mimi nililijua kuliko yeye.

Nadhani hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, ndani ya furaha ile. Nilijifanya daktari wako kwa sababu sikuwa na hakika kama ninajua kuwa mama yako. Tangu siku hiyo pampu ya pumu ilikaa ndani ya mkoba wangu, mfuko wa pembeni, na kila nilikokwenda nilikwenda nayo, hata kama wewe uko shule na mimi niko kazini. Niliupima mwendo wa pumzi yako ukiwa usingizini. Mwenzangu kazini aliniambia nikupeleke kwa mtu mwingine akuone kwa jicho jipya. Nikamjibu, nani anakijua kifua kile kuliko mimi? Bibi yako akasema mganga hajigangi. Nikamwambia mimi sijigangi, namganga mwanangu. Akanitazama. “Sasa tofauti iko wapi?” akaniuliza, akaendelea kuchambua mchele.

Nilikupeleka Dodoma mwaka juzi kwa sababu tulikuwa tunakwenda harusini. Ndiyo kweli yake. Niliona tupitie kwa mtani, tumsalimie, akuangalie kidogo. Alikupokea kwa maneno mengi, akakuita mchumba, akakuuliza kama umekuja na hongo ya kupita. Ukampa pipi yako moja. Akaitia mfukoni, akanigeukia.

“Mnyamwezi, tua mzigo. Kaa nje.”

“Mimi ni mama yake.”

“Ndiyo maana.”

“Na ni daktari wake.”

“Ndiyo maana zaidi. Nenda, mama, kuna benchi.”

Mlango ukafungwa. Ndipo nikasikia kigoda kikiburutwa.

Nilijua maana yake papo hapo, kwa sababu ni swali langu mwenyewe. Nilijua ametoka nyuma ya meza yake. Na pale kwenye benchi nikajiuliza: wewe Nyamizi ukiulizwa mama yako alikaa wapi, ungejibu nini? Ungesema alisimama juu yangu, ameshika saa.

Alipofungua mlango hakukimbilia kunieleza. Alikuangalia kwanza, wewe ukaitikia kwa kichwa. “Binti amenituma nikwambie,” akasema. Kisha akaniambia kwamba ulikuwa unakohoa karibu kila usiku. Ulikuwa unaweka uso kwenye mto ili nisiamke, kwa sababu mama amechoka, mama ameona wagonjwa wengi. Akaniambia netiboli hukuiacha kwa kupenda vitabu. Uliiacha kwa sababu pumzi haikutosha kufika upande wa pili wa uwanja. Na mimi nilikuwa nimewatangazia wenzangu kazini kwamba binti yangu amenirithi, hapendi michezo, ni mtu wa kusoma!

Sikulia mbele yako. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi. Ndahani akabadilisha dawa, akakufundisha wewe mwenyewe, si mimi, kuvuta ile ya kila siku na ile ya dharura, akakufanya urudie mpaka ukacheka. Alipokuwa anatusindikiza nikamuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini alikueleza wewe na mimi nipo.

“Kwa sababu wewe hutakuwepo,” akasema.

Sikuupenda mfupa ule. Nimeutafuna miaka miwili, na sasa naonja supu. Miezi michache baada ya safari ile nilikuja uwanjani kwenu nikitokea kazini, nikakuta unalinda goli, unaruka na mikono yako mirefu ya ukoo wetu, unawapigia wenzako kelele kama dalali wa mnada. Nilisimama nyuma ya uzio. Ukaniona, ukanifokea, “Mama usisimame hapo, unanipa mkosi!” Nikaondoka nikicheka peke yangu barabarani, watu wakinitazama. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kuliko jioni ile.

Huko unakokwenda utachagua watu. Marafiki, walimu wa kuwaamini, siku moja pengine mume, na siku nyingine daktari wa mwanao. Siwezi kukuchagulia, na kama nilivyokueleza, sina kanuni iliyokamilika. Nina maswali yangu machache tu ya kazini, nakuachia uyatumie upendavyo. Alikaa wapi. Amewahi kusema hajui. Anaweza kukuambia ukweli ukausikia. Na huko tuna nani. Hilo la mwisho nimekujibia: Ndahani yuko, umeshamzoea, na bado anadai pipi.

Na jambo hili ni la kunigharimu kuliandika, kwa hiyo lisome taratibu. Yapo mambo utakayomwambia yeye, au matroni, au rafiki yako wa kitanda cha juu, ambayo mimi hutaniambia. Waambie. Sitauliza. Nimeshakaa kwenye benchi mara moja nikaona mtu hafi kwa kukaa benchi.

Bibi yako ameshinda, naona. Nimesikia kifuniko cha sanduku kikifungwa na wewe ukisema, “Haya, chupa moja, lakini ikimwagika ni juu yako,” naye akajibu, “Ikimwagika watailamba.” Nimekuja kuwatupia jicho mlangoni. Umevaa sweta jipya juu ya gauni la kulalia na unajitazama kwenye kioo, na unapumua vizuri. Nililisikia hilo kabla ya kukuona sura, tabia hiyo haitaniisha.

Leo mchana, mlipokwenda sokoni kutafuta ndala, nilimpigia simu matroni wa shule yenu. Tulisalimiana, akaniuliza habari za pumu yako, nikamweleza. Akauliza, “Sasa akibanwa, mama, tumpigie wewe kwanza, si ndiyo? Wewe ni daktari.” Nilikuwa nimeshalitayarisha jibu tangu juzi, bado lilichelewa kutoka. Nikamwambia hapana. Kwanza mumuulize Nyamizi mwenyewe, anajua la kufanya. Akishindwa, mumpigie Daktari Ndahani, namba yake hii hapa, na barua ya rufaa atakuja nayo. Mimi mnipigie akishatulia, mniambie tu kama amekula.

Kisha nikafungua mkoba wangu, mfuko wa pembeni, nikaitoa ile pampu. Imo sandukuni mwako, upande wa kulia, imefungwa ndani ya soksi, mbali na asali. Nilitoka baada ya hapo kwenda kununua mkate, mkoba begani, na njiani niligeuka nyuma mara kadhaa kutazama ni kitu gani nimeangusha.

Mama yako